Jibu: "duplicity" ni uongo tu?

Ndugu yangu, umeuliza kama "duplicity", neno la Kiingereza ulilokutana nalo gazetini, ni uongo tu. Hapana, ni zaidi ya hapo. Ni undumilakuwili. Mwongo anaweza kudanganya mara moja akaishia hapo. Ndumilakuwili ana sura mbili kwa wakati mmoja. Chukua dalali wa zabibu hapa Dodoma: kwa mkulima wa Hombolo anaapa bei imeanguka, akifika kwa mnunuzi anaapa mkulima kagoma kushusha, na tofauti yote anatia mfukoni. Inauma sana, maana wote wawili walimwamini.

Asili ya neno hili ni Kilatini, duplex, yaani chenye mikunjo miwili. Likapitia Kifaransa, likaingia Kiingereza karne ya 15. "Duplicate", nakala, ni wa ukoo huohuo.