Taarabu na biti ya bongo fleva zinagombana

Mdogo wangu, unauliza mbona sauti ya taarabu ukiiweka juu ya biti ya bongo fleva zinagombana ilhali kasi umeshalinganisha. Kasi sawa, na kii je, yaani ufunguo wa sauti ambao wimbo umeimbwa? VirtualDJ, programu ya kuchanganya nyimbo, inaweza kukuandikia kii ya kila wimbo kwa namba na herufi. Ukiwa na 8A, tafuta 8A nyengine, au 7A, 9A, 8B. Na washa kifungo cha kushikilia kii kabla hujagusa kasi, la sivyo bi mwimbaji atasikika kama katuni.

Kutenga sauti na ala programu hiyo hiyo inafanya, ila fidla hung'ang'ania sauti ya mwimbaji. Chagua kipande ambacho fidla imenyamaza.

Chakacha, ngoma ya kina mama wa pwani, ndiyo kiboko. Yenyewe yaenda kwa mapigo sita, programu inahesabu manne, gridi, ile mistari ya kuonyesha mapigo, inakaa kombo. Harusi moja hapa Langoni niliiamini kompyuta, kina mama wakasimama katikati ya ngoma, leso viunoni, wananitazama tu! Siku hizi nagonga mapigo kwa kidole, mawili makubwa kila duru, kisha gridi naipanga mwenyewe.