Tumbo kuendesha baada ya kupandikizwa uboho: usikimbilie dawa ya ameba

Dadangu uliyeuliza kuhusu mumeo, aliyepandikizwa uboho miezi miwili iliyopita na sasa anaendesha mara nane kwa siku: usingoje kliniki ya Jumatatu. Mpigie daktari wake wa damu leo hii.

Mimi nilipandikizwa India, seli za kakangu. Nilirudi Nairobi, nikaanza kupunguziwa dawa za kutuliza kinga, na hapo ndipo tumbo likaanza. Zahanati ya mtaani wakasema ni ameba. Siwalaumu sana, huku kwetu tumbo lolote ni ameba au taifodi, na mimi mwenyewe sikuwaambia kwamba damu niliyo nayo ni ya mtu mwingine.

Seli za mfadhili (aliyekutolea uboho) huja na kinga yake. Kinga hiyo ikiuona mwili wako kuwa ndio mgeni, hushambulia ngozi, ini na matumbo, mara nyingi ndani ya siku 100 za kwanza, hata kama mfadhili ni ndugu mliyelingana kwa vipimo. Madaktari huiita GVHD. Kwangu ilianza na kichefuchefu, chakula kikanishinda, kisha maji ya kijani.

Daktari wa damu hakuniuliza ni mara ngapi. Aliuliza, "Ni kiasi gani?" Mke wangu akanunua beseni na jagi la plastiki lenye alama. Kwa mtu mzima, hesabu ya madaktari ya kupima ukali huanzia nusu lita ya kuhara kwa siku. Ikipita lita moja na nusu, hali ni mbaya. Asubuhi moja jagi lilisoma mililita 700 kabla ya saa nne. Aibu iliniisha siku ya pili.

Nikaingizwa kamera tumboni, wakakata vipande vidogo vya utumbo vya kupima. Usikatae kipimo hicho. Kirusi cha CMV nacho huleta hali kama hiyo, ila ukipewa dawa ya kushusha kinga kumbe ni kirusi, umekifungulia mlango. Ndiyo maana nasema hata dawa ya kufunga tumbo usimnunulie kienyeji.

Yangu ilitulia kwa steroidi, ambazo ndizo dawa hizo za kushusha kinga. Uso ulivimba, sukari ikapanda, usingizi ukahama. Wasiopata nafuu kwa steroidi huongezewa dawa nyingine, kama ruxolitinib. Ila steroidi haiachwi ghafla, hata tumbo likikauka. Hupunguzwa polepole na daktari.

Chakula: wali laini, viazi vya kuchemsha, supu nyepesi. Maziwa yalinirudisha nyuma kabisa, nikanywa chai ya rangi miezi mitatu (Mkenya mwenzangu, unajua adhabu hiyo). Mama mkwe alileta balungi kwa nia njema; tuliyagawa kwa majirani, kwa sababu hupandisha kiwango cha takrolimu, dawa ya kutuliza kinga, kwenye damu.

Tafuta daftari usiku huu: saa, kiasi, rangi, kama kuna damu. Ukiona damu, au tumbo limejaa na linauma sana, usipige simu tena, mpeleke hospitali.