Nitajuaje kama Kiingereza cha wanafunzi wangu kinapanda?

SWALI: Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata wilayani Rungwe. Nina wanafunzi 84, mikondo miwili. Wastani wa jaribio la Machi ulikuwa 38, wa Mei 51, lakini wakisimama kusoma sioni tofauti. Nifuatilieje maendeleo ya kila mmoja?

JIBU: Mwalimu, amini macho yako kuliko huo wastani. Majaribio yale mawili yalikuwa na maswali tofauti, na huenda la Mei lilikuwa jepesi tu. Ni sawa na kupima viazi leo kwa debe, kesho kwa lumbesa, halafu useme mavuno yameongezeka. Unahitaji kipimo kile kile, kirudiwe.

Anza na kusoma kwa sauti. Tafuta vifungu viwili vya maneno kama 150, vinavyolingana ugumu, ambavyo hawajavisoma. Mtoto asome dakika moja, nawe ukiwa na nakala ukipiga mstari kila neno alilokosea au kuruka. Maneno aliyofikia, ukitoa makosa, ndiyo namba yake. Kisha muulize maswali matatu, na mruhusu ajibu kwa Kiswahili, maana hapo unapima uelewa tu. Hawa wamesoma miaka saba kwa Kiswahili, ambacho kinatamkwa kama kilivyoandikwa; wapo watakaokimbia na kifungu mpaka mwisho bila kuambulia kitu. Wengine watajikongoja, lakini wameelewa. Jaribio la karatasi linaweza kuwapa wote alama moja, ilhali msaada wanaouhitaji ni tofauti kabisa.

Lafudhi usiihesabu kosa. Kinyakyusa hakina sauti ya r, kwa hiyo anayesoma “river” akatamka “liva”, kisha akakueleza habari za mto, amesoma vizuri. Nasisitiza hili kwa sababu watoto wengi hunyamaza darasani kwa kuogopa kuchekwa.

Watoto wanne kwa siku, wenzao wakiandika zoezi, utawamaliza wote ndani ya siku 21 za masomo. Fanya Julai, rudia Oktoba. Mkondo A uanze na kifungu cha kwanza, mkondo B na cha pili, kisha Oktoba wabadilishane. Mkondo mmoja ukipaa ghafla na mwingine ukishuka, ujue vifungu havikulingana.

Kwa kuandika, wape picha ile ile mara zote mbili, dakika kumi, waeleze kilichotokea jana. Usisahihishe kila kitu. Tazama vitenzi vya wakati uliopita. Julai mtoto kaandika “go”, Oktoba kaandika “goed”. Kwenye mtihani yote mawili ni kosa, lakini huyo amepiga hatua: ameshaikamata kanuni, bado kujua maneno yasiyoifuata.

Kumbukumbu zitoshe kwenye kaunta buku, mstari mmoja kwa mwanafunzi: tarehe, maneno kwa dakika, majibu sahihi, vitenzi. Januari mkabidhi mwalimu wa kidato cha pili, ajue nani wa kuanza naye mapema kabla ya upimaji wa kitaifa.