Nilichanja mapema, mbona wanakufa?

SWALI: Shikamoo dokta. Nafuga kuku chotara hapa Kibaha. Jirani yangu alipigwa na gumboro, ule ugonjwa wa kirusi wa kuku, banda zima, nikasema mi sisubiri, vifaranga 200 nikawachanja siku ya tatu tu toka wafike. Sasa wana wiki nne, wanajikunyata, wanaharisha uharo mweupe, kila asubuhi naokota watano sita. Nimeuziwa chanjo feki au?

JIBU: Marahaba mama, pole sana. Chanjo yako inawezekana ilikuwa nzima kabisa, ulichokosea ni siku. Kifaranga anatotolewa na kinga ya kuazima ambayo mama yake kaiweka kwenye kiini cha yai, na ukimpasua wa siku moja kile kiini unakikuta bado tumboni, cha njano vile vile, anaendelea kukifyonza siku kama tano hivi. Sasa kirusi cha chanjo, kile hai kilichopunguzwa nguvu, kikiingia siku ya tatu kinga ya mama inakimaliza palepale, mwili wa kifaranga haujajifunza kitu, na ya kuazima nayo inapungua kila siku mpaka wiki ya tatu hana kitu.

Ya kwake mwenyewe anaitengenezea kwenye tezi za shingoni na kwenye kamfuko kadogo kalikokaa juu ya tundu la haja, kanaitwa basa. Mwaka 1956 Mmarekani Bruce Glick na wenzake walionyesha kuku aliyekatwa hako kamfuko akiwa mdogo anashindwa kutengeneza kinga. Na gumboro inashambulia hapo hapo, hasa wiki ya 3 mpaka ya 6, ndo maana hata anayepona unaweza kumchanja kideri (ugonjwa mwingine wa kuku, wengine huuita mdondo) na isishike vizuri.

Kwa sasa dawa ya kuua kirusi cha gumboro hamna, asikudanganye mtu. Wape maji safi, vitamini, joto, na mwite bwana mifugo apasue mmoja aliyekufa leo leo, akikuta basa imevimba na mapajani madoa ya damu basi ndo yenyewe.

Wakija wengine: kideri siku ya 7, gumboro 14, kideri tena 21, gumboro tena 28. Na kama ni chanjo ya kwenye maji, ya bomba yana klorini inaua chanjo, tia kwanza maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2 kwa lita. Ila banda lisafishe haswa, lipulizie dawa, maana kirusi hiki kinakaa humo miezi.