Datsun 1200 haivuti mlima, nibadili kabureta?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu Datsun 1200 ya marehemu babu, injini ni ile ile A12. Zamani mlima wa Kitonga tulikuwa tunapanda na gia ya tatu, sa hivi ni ya pili tena naomba Mungu, afu nikifika juu geji ya joto nayo imepanda. Fundi wa mtaani kanishauri nifunge kabureta ya Weber. Tumepima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kwa psi: silinda ya 1 imesoma 160, ya 2 155, ya 3 na ya 4 zote 90. Nifanyeje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Marahaba mwanangu, na umefanya la maana kupima kabla hujanunua. Kabureta achana nayo kwanza, hapo itakumaliza petroli bure. Silinda mbili zilizopakana zikishuka pamoja namna hiyo, mara nyingi ni gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya bloku na kifuniko cha juu cha injini) imeungua katikati yao, pumzi ya huku inakimbilia kule. Mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya 3 upime tena, ikibaki 90 ringi za pistoni usizisingizie, ikiruka juu basi ringi ndo zimekwisha na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Hedi ya A12 ni aluminiamu, ikichemka inapinda. Ukiifungua weka rula ya chuma juu yake upitishe fila (kibati chembamba cha kupimia mwanya) ya milimita 0.10, ikipenya popote mpelekee fundi wa mashine aikwangue kidogo tu, maana akila sana kompresheni inazidi na injini inaanza kugonga. Bolti kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), nakuomba sana usikubali mtu akaze kwa kusikilizia mkono, gasketi mpya nyingi zinafia hapo hapo. Tapeti (mwanya wa valvu) weka milimita 0.35 injini ikiwa ya moto, za kuingiza na za kutoa zote. Rejeta izibuliwe, taimingi ya plagi kuwaka iangaliwe.

Ukishapanda Kitonga bila kuchemsha ndo tuongelee nguvu. Weber 32/36 na ekzosi inayopumua vizuri zitasaidia, ila ingekuwa yangu ningetafuta A14, ndugu yake mwenye cc 1397 wakati yako ni 1171, pistoni zinasafiri milimita 77 badala ya 70 na mlimani utaisikia toka chini. A12 ya babu ipake oili, ifunge turubai uiweke ndani, usiuze skrepa.