Kabla hujachukua huo mkopo, mwanangu

Marahaba mama. Meseji yako nimeisoma mara 3, unauliza kama ukope kwenye kikoba ununue ile draya ya sola ya kukaushia dagaa, mana mteja wako wa Dodoma kasema dagaa wamefika na ukungu na hii ni mara ya pili. Naelewa unavyoumia, gunia 6 sio mchezo. Ila mi naomba unijibu kitu kimoja tu, hao dagaa wanaharibikia wapi? Mana umeniambia wameharibika afu ukaruka moja kwa moja kwenye draya.

Unaikumbuka ile injini ya boti, ulikuwa darasa la tano. Pale mwaloni inawaka vizuri kabisa, tukifika nje kwenye mawimbi inakata, unavuta kamba mpaka mkono unakufa ganzi. Nikabadilisha plagi, wakasema kabureta, ikafunguliwa ikasafishwa, nikabadilisha na fundi, hela ya ada yako ikaishia mle mama yako akalia na mpaka leo sijasahau. Mzee mmoja jirani ndo akaniambia hebu mimina petroli kwenye chupa nyeupe uache itulie. Tukakaa. Chini yakajikusanya maji, unayaona kwa macho, mana maji ni mazito kuliko petroli. Kumbe mfuniko wa dumu ulikuwa hauna mpira na lilikuwa linalala nje kwenye mvua, ufukweni maji yanatulia chini ya tanki, mawimbi yakilitikisa injini inayanywa. Miezi yote ile nlikuwa natibu injini nzima!

Sasa na wewe tafuta chupa yako. Kwanza, ule mzigo ulianikwa siku za mvua? Mchangani au kwenye chanja? Mchangani juu panakauka chini pana unyevu, unajua mwenyewe. Kabla ya kufunga chukua dagaa mkunje, aliyekauka anakatika, akipinda bado ana maji. Na usiwafunge jioni wakiwa bado na joto la jua, usiku gunia linatoa jasho, hasa hayo ya plastiki. Afu muulize mteja ni gunia zote au baadhi, na ukungu ulikuwa katikati au pembeni, na stoo yake anayaweka kwenye sakafu ya saruji au kwenye mbao. Muulize kwa upole tu asione unamlaumu.

Wiki hii ni mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, mitumbwi imelala, hakuna cha kukimbilia. Giza likirudi, kwenye mzigo wa kwanza funga gunia 2 za siku moja, dagaa walewale, moja tuma Dodoma, moja weka chumbani kwako hapo Igombe, siku mteja akifungua lake na wewe unafungua lako. La kwako likiwa na ukungu shida iko kwetu, kwenye kuanika au kufunga, hapo draya tutaiongelea hata mi ntachangia. La kwako likiwa zima na la mteja lina ukungu basi shida iko njiani au stoo, na draya itakukaushia dagaa wazuri wakaozee kulekule huku rejesho la kikoba linakusubiri kila wiki.

Siku ya kufungua niambie mapema nipande meli ya asubuhi hapa Nansio. Usilifungue mpaka nifike, nataka tulinuse wote.

Baba yako