Wageni wa IT hospitalini, kuristati si jibu

Nyinyi mlioanza zamu za IT hospitalini juzi, tunawapenda, lakini tiketi zenu zinatutoa jasho. Arifa ya antivirasi inaingia, mnaandika "nimeristati, iko sawa," tiketi inafungwa. Haya, kaeni chini.

1. Msiristati kabla ya kujua mnafuta nini. HSE, huduma ya afya ya umma ya Ireland, ilipita njia hiyohiyo mwaka 2021. Machi 18 mfanyakazi mmoja alifungua faili la Excel lililokuja kwa barua pepe. Machi 31 antivirasi ikaona Cobalt Strike na Mimikatz kwenye kompyuta yake, zana za kuendesha kompyuta ya mtu kwa mbali na kuiba paswedi, ambazo sijui ni wodi gani inazihitaji. Iliona tu, ilikuwa imepangwa kutazama, haikupangwa kuzuia. Wiki sita wavamizi wakazurura humo kama wenye nyumba. Mei 13 kampuni ya antivirasi ikaandika kwamba kuna matukio hayajashughulikiwa tangu Mei 7, kwenye mifumo isiyopungua 16. Kikosi cha usalama wa mtandao cha HSE kikaomba nini? Seva ziristatiwe! Alfajiri ya Mei 14 Conti, programu ya wahalifu wanaofunga data ili walipwe, ikafunga data, mifumo ikazimwa nchi nzima, madaktari wakarudi kwenye karatasi. Wahalifu wenyewe walitoa ufunguo wa kuifungua data Mei 20, na bado kurejesha kulichukua miezi minne.

Kuristati kunafuta RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na humo mna ushahidi mwingi. Mvamizi aliyeiba paswedi ya admin atarudi seva ikishawaka. Chomoeni waya wa mtandao, iacheni inawaka, chukueni nakala ya RAM, badilisheni paswedi za admin kutoka mashine safi, kisha fuatilieni akaunti iliyoibwa imeingia wapi kwingine. Mashine iliyounganishwa na mgonjwa ni habari nyingine: muulizeni muuguzi kwanza.

2. Bakapu iliyo kwenye domeni moja na seva, yaani mtandao unaoendeshwa kwa akaunti zilezile za admin, itafungwa pamoja nayo. Nakala moja ikae nje ya mtandao, na mjaribu kuirejesha.

3. Bakapu hairudishi siri iliyokwisha kutoka. Wagonjwa wa Vastaamo, vituo vya tiba ya akili vya Finland, mwaka 2020 waliandikiwa mmoja mmoja walipe euro 200, la sivyo maelezo ya vikao vyao yamwagwe hadharani. Basi angalieni pia logi, yaani rekodi, za data iliyotoka, hasa mafurushi makubwa ya usiku, na logi hizo zitumwe seva nyingine, kwa sababu za pale alipoingia mvamizi atazifuta.